WAKATA MIKUNGU WA LUSANGA WANUNUA ARDHI KWA VINYAGO VYA CHOKOLETI

Ndugu mfanyakazi, ukiambiwa kwamba huko Ulaya kumefunguliwa maonyesho ya sanaa yanayohusu umaskini wa Waafrika, huenda ukageuza ukurasa na kutafuta habari nyingine. Maonyesho hayo hayakuongezei mshahara, wala hayapunguzi uzito wa kikapu mgongoni. Watu wenye nafasi huingia, hutazama picha ya mchuma chai au mchimba madini, husikitika kidogo, kisha hurudi kwao. Aliyepigwa picha habari hana.

Maonyesho ya namna hiyo yamekuwa mengi katika miaka ya karibuni. Vita, wakimbizi, ubaguzi wa rangi, ukame na mishahara duni vimekuwa mada za wasanii wakubwa wa dunia. Jambo hilo si baya, kwani dhuluma isiyosemwa haiondoki. Hata hivyo mfanyakazi anayo haki ya kuuliza swali moja: fedha zinazotokana na maonyesho hayo zinakwenda wapi?

Katika nchi jirani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wapo wafanyakazi wa mashamba waliolijibu swali hilo kwa vitendo. Wanaishi Lusanga, katika mkoa wa Kwilu, magharibi ya nchi hiyo. Lugha zao ni Kikongo na Lingala, wala si Kiswahili. Lakini maisha ya shambani wanayoyasimulia yatafahamika mara moja kwa yeyote aliyepata kukata mkonge, kuchuma chai au kugema mpira.

SABUNI ILIYOTOKA MSITUNI

Lusanga haikuitwa hivyo wakati wa ukoloni. Iliitwa Leverville, yaani mji wa Lever, kwa jina la tajiri wa Kiingereza William Lever, mtengenezaji wa sabuni ya Sunlight. Sabuni huhitaji mafuta, na mafuta ya mawese yalipatikana kwa wingi katika misitu ya Kongo. Mwaka 1911 Lever alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji, iliyokuwa ikiitawala nchi hiyo. Kwa mkataba huo kampuni yake ilipewa maeneo matano ya michikichi na haki ya kujipatia ardhi hadi hekta 750,000. Leverville ilikuwa moja ya maeneo hayo matano.

Katika karatasi kampuni iliahidi hospitali na shule. Msituni mambo yalikuwa mengine. Kukata mikungu ya chikichi ni kazi ya hatari: mtu hukwea mchikichi mrefu kwa kamba kiunoni, panga mkononi, na akiteleza hana wa kumdaka. Watu wengi hawakuitaka kazi hiyo kwa ujira uliotolewa. Ndipo maofisa wa serikali ya kikoloni walipoisaidia kampuni kuwapata wafanyakazi kwa nguvu. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na asiyekuwa na fedha hakuwa na budi kwenda kukata mikungu. Mwanahistoria wa Kibelgiji Jules Marchal alizichambua nyaraka za serikali hiyo yenyewe, akaonyesha jinsi kazi ya shuruti ilivyoendeshwa katika maeneo ya Lever kwa miaka mingi.

Mwaka 1930 kampuni ya Lever iliungana na watengenezaji wa siagi ya mimea wa Uholanzi, ikazaliwa kampuni kubwa ya Unilever. Jina hilo si geni kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1984 Unilever ilinunua kampuni ya Brooke Bond, na kwa njia hiyo mashamba ya chai ya Kericho nchini Kenya na Mufindi nchini Tanzania yakawa chini yake, hadi ilipouza biashara hiyo ya chai mwaka 2022. Kwa hiyo habari za Lusanga tusizisome kama habari za watu wa mbali.

UASI WA 1931

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bei ya mazao ilianguka dunia nzima. Kampuni zilipunguza malipo ya matunda ya michikichi, lakini serikali haikupunguza kodi. Mkataji alitakiwa kukata mikungu mingi zaidi ili apate fedha zile zile. Mwaka 1931 watu wa kabila la Wapende, ambao walikuwa miongoni mwa waliolazimishwa kufanya kazi hiyo, waliasi. Mwezi Juni mwaka huo walimuua ofisa wa Kibelgiji aitwaye Maximilien Balot. Jeshi la kikoloni lilipelekwa kuwaadhibu, na mamia ya Wapende waliuawa kwa risasi.

Baada ya kuuawa Balot, mchongaji mmoja wa Kipende alichonga sanamu yake kwa mti. Sanamu hiyo ni ndogo, kimo chake hakifiki mita moja. Kwa imani ya wenyeji kazi yake ilikuwa kuufunga moyo wenye hasira wa yule ofisa, usirudi kuwadhuru, bali uwatumikie aliowatesa. Hivyo basi, zaidi ya miaka 90 iliyopita, wafanyakazi wa michikichi walikwisha kuitumia sanaa katika mapambano yao, bila ya mtu wa Ulaya kuwafundisha.

Mwaka 1972 sanamu hiyo ilinunuliwa na mtaalamu wa siasa wa Kimarekani, Herbert Weiss. Mwaka 2015 ikaingia katika makumbusho ya sanaa ya jimbo la Virginia, mjini Richmond, Marekani. Tutairudia baadaye.

FAIDA YA MAWESE YAJENGA MAJUMBA YA SANAA

Sasa tuitazame njia ya fedha. Mwaka 1922 William Lever alifungua jumba kubwa la sanaa huko Port Sunlight, Uingereza, karibu na kiwanda chake cha sabuni. Alilipa jina la marehemu mkewe, akalijaza picha na samani za thamani, na mpaka leo watu huenda kulitazama. Miaka mingi baadaye, kati ya 2000 na 2012, Unilever ilitoa fedha kwa maonyesho makubwa katika jumba la Tate Modern, London. Wasanii mashuhuri walialikwa mmoja mmoja kila mwaka, na baadhi yao walionyesha kazi zilizohoji mambo ya dunia.

Katika muda wote huo, katika mji ulioitwa kwa jina la Lever hapakuwa na jumba la sanaa. Yalibaki majengo chakavu, mitambo yenye kutu na ardhi iliyochoka kwa zao moja. Chikichi lilitoka Kongo, sabuni ikauzwa Ulaya, faida ikajenga majumba ya sanaa Uingereza. Mkata mikungu, aliyekuwa mwanzo wa mnyororo huo, hakupata hata chumba cha kutundika picha.

Mholanzi mmoja mtengeneza filamu, Renzo Martens, aliligusa jambo hili kwa namna iliyowaudhi wengi. Katika filamu yake ya mwaka 2008 alisafiri Kongo akieleza kwamba umaskini wenyewe umekuwa bidhaa kama kahawa au shaba. Wapiga picha wa kigeni huja, hupiga picha za watoto wenye njaa, huziuza magazetini kwao, na mwenye njaa hapati kitu. Aliwafundisha wapiga picha wa Kikongo, waliozoea kupiga picha za arusi, wapige picha za dhiki ili na wao wauze. Wenye mashirika hawakuzitaka picha hizo. Somo lilikuwa chungu: dhiki ni yako, lakini soko la dhiki si lako.

Filamu ile yenyewe ilionyeshwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya, ikampa Martens jina. Wapinzani wake walimwambia: na wewe je, umewapa nini? Swali hilo lilikuwa la haki. Martens alirudi Kongo, na jaribio lake la kwanza katika shamba la michikichi la Boteka, mkoa wa Equateur, lilivunjika walipotimuliwa. Ndipo wakahamia Lusanga.

KUTOKA UDONGO HADI CHOKOLETI

Mwaka 2014 wafanyakazi wa mashamba wa Lusanga na vijiji vya jirani waliunda umoja wao, wakauita Chama cha Sanaa cha Wafanyakazi wa Mashamba wa Kongo. Kwa Kifaransa hujulikana kwa herufi CATPC. Rais wake wa kwanza alikuwa René Ngongo, mtetezi wa misitu wa Kikongo ambaye mwaka 2009 alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood kwa kazi yake. Wanachama wenyewe ni wakulima na watu wa familia za wakata mikungu, wanaume kwa wanawake: Matthieu Kasiama, Mbuku Kimpala, Cedart Tamasala, Irène Kanga, Jérémie Mabiala, Djonga Bismar na wengineo.

Kazi hufanyika hivi. Msanii hufinyanga sanamu yake kwa udongo wa mtoni. Sanamu ikikamilika hupimwa pande zote kwa mitambo ya kompyuta, na vipimo hupelekwa Amsterdam, Uholanzi. Huko hutengenezwa kalibu, na ndani yake humiminwa chokoleti. Sanamu ya udongo yenyewe haisafiri, hubaki Lusanga.

Kwa nini chokoleti? Kwa sababu kakao, kama mawese, ni zao ambalo mfanyakazi wa shamba hulitoa jasho bila kuonja kitu kinachotengenezwa nalo. Kuna mchuma kakao aliyezeeka bila kupata kutia chokoleti kinywani. Basi mtazamaji wa Ulaya au Marekani anaposimama mbele ya sanamu hizo, harufu tamu aijuaye tangu utotoni humfikia puani, na mbele ya macho yake yupo mtu aliyeteseka ili utamu huo upatikane. Hapo hakuna haja ya maelezo marefu ukutani.

Sanamu zenyewe hazipambi mambo. Cedart Tamasala alifanya sanamu kuhusu namna babu yake alivyonusurika. Mabiala na Bismar kwa pamoja walimfinyanga mkusanyaji wa vitu vya sanaa, yule mtu ambaye kazi ya wengine huishia mikononi mwake. Irène Kanga, katika sanamu ya mwaka 2020 ambayo jina lake lina maana ya Penzi la Nguvu, alionyesha mwanamke akibakwa na mzungu wa kikoloni, kisa ambacho wenyeji hukisimulia kuwa ndicho kilichowasha moto wa 1931. Hizi si habari walizoletewa na mgeni. Ni habari za nyumbani kwao, zilizokuwa zikisemwa jioni kwa sauti ya chini.

Mwanzoni mwa 2017 kazi zao zilionyeshwa katika jumba la SculptureCenter, mjini New York. Wanunuzi walijitokeza. Fedha zikarudi Lusanga.

FEDHA ZANUNUA ARDHI

Hapa ndipo habari hii inapoachana na habari nyingi za maonyesho. Wanachama hawakugawana fedha zote wakatawanyika. Sehemu kubwa waliitumia kununua ardhi, ile ile ambayo babu zao walinyang'anywa. Walianza na eneo dogo, wakaongeza kidogo kidogo. Kufikia mwaka 2024 walieleza kwamba wanazo hekta 200.

Hekta 200 si nyingi ukizilinganisha na zile 750,000 za mkataba wa 1911. Lakini ni zao, na juu yake hawapandi zao moja kama alivyofanya Lever. Wanachanganya: michikichi na kakao, mazao ya chakula, na miti ya msitu inayoirudishia ardhi nguvu. Anayelima hapo hula kwanza, huuza baadaye. Mfanyakazi wa shamba la zao moja ajuaye maana ya kununua unga dukani akiwa amezungukwa na maelfu ya hekta za mazao, ataelewa uzito wa jambo hilo.

Mwezi Aprili 2017 jumba la sanaa lilifunguliwa Lusanga, jeupe lenye umbo la mraba kama yale ya Ulaya. Ramani yake ilichorwa na ofisi ya wasanifu majengo ya OMA ya Uholanzi. Mtu anaweza kuuliza, jumba jeupe msituni la nini, watu wana njaa? Wanachama hujibu kwamba majumba mengi kama hilo yalijengwa mbali kwa faida ya mashamba kama yao, na ni haki moja lijengwe mahali jasho lilipotoka. Zaidi ya hayo, wanasanaa na wanunuzi hulifuata jumba hilo, na kila anayekuja huona shamba kabla ya kuona sanamu.

BALOT ARUDI KWA MUDA

Sasa tuirudie ile sanamu ya Balot. Wanachama wa Lusanga walitamani kuiona kwa macho yao. Iko Richmond, nao wako Kwilu; hata hati ya kusafiria kwa mkata mikungu ni mlima. Mwaka 2022 walichukua picha ya sanamu hiyo iliyokuwa imewekwa na makumbusho, wakaigeuza kuwa hati za kompyuta za kuuza, fedha zake zinunue ardhi zaidi. Makumbusho ya Virginia yalilalamika kwamba picha zimetumiwa bila idhini. Watu wa Lusanga nao walikuwa na lao la kuuliza: sanamu ilichongwa na Wapende, inahusu mauaji ya Wapende, je, idhini ya picha yake ni ya nani?

Mzozo huo haukuishia kwenye maneno makali. Mwaka 2024 Uholanzi iliwapa watu wa Lusanga banda lake katika maonyesho makubwa ya Venice, Italia, ambako mataifa huonyesha sanaa yao. Matayarisho yalifanywa na wanachama pamoja na Martens, chini ya msimamizi Hicham Khalidi. Kuanzia Aprili hadi Novemba 2024 sanamu za Lusanga, zilizotengenezwa kwa udongo, kakao na mawese, zilisimama Venice. Wakati huo huo makumbusho ya Virginia yalikubali kuiazima Lusanga ile sanamu ya 1931. Ikawekwa katika jumba jeupe, na waliokuwa Venice waliweza kuiona kwa picha za moja kwa moja tu.

Kwa mara hii mambo yaligeuka. Mtu wa Ulaya ndiye aliyetazama picha kutoka mbali, na mkata mikungu ndiye aliyesimama mbele ya kitu chenyewe. Lakini tusidanganyane: sanamu ilikuwa ya kuazima. Azima ina siku yake ya kurudishwa, na mwenye hati bado ni makumbusho ya Richmond.

MASWALI YALIYOBAKI

Gazeti la wafanyakazi halina budi kueleza pande zote. Wapo wanaosema kwamba jina la Martens limekuwa kubwa kuliko majina ya waliofinyanga. Wapo wanaouliza kama mlango wa New York na Venice ungefunguka bila Mholanzi kushika ufunguo. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawakusema mwenyeji apone milele kwa mkono wa mgeni. Umoja wa Lusanga utapimwa kwa jinsi unavyosimama wenyewe: nani anatia sahihi, nani anashika hesabu, hati ya ardhi imeandikwa jina la nani.

Pia sanaa haiwezi kuchukua nafasi ya mshahara wa haki. Wanaofinyanga Lusanga ni wachache. Wakata mikungu wa Kongo ni wengi, na wengi wao hawatafinyanga sanamu ya kuuzwa New York. Kwao bado kuna mapatano ya kazi, kamba imara za kukwelea, dawa hospitalini na ujira unaotosha unga wa mwezi mzima. Mambo hayo hayaletwi na maonyesho. Huletwa na wafanyakazi waliokaa pamoja mbele ya mwajiri.

Hata hivyo tunalo la kujifunza. Historia ya vinyago vya Wamakonde inafanana na hii kwa mwanzo wake. Wengi wa wachongaji waliojulikana Tanzania walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Mikono iliyokata mkonge ndiyo iliyochonga mpingo. Vinyago vyao vilisifiwa duniani, lakini njia ya kuvifikisha huko ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara. Mchongaji alilipwa kwa kinyago kimoja, na kinyago kikaendelea kupanda bei bila yeye. Tofauti ya Lusanga haimo katika ufundi wa mikono, kwani ufundi tunao. Imo katika kukubaliana mapema, kwa pamoja, kwamba fedha ya sanamu itarudi na kuwa ardhi.

Kwa hiyo, ndugu mfanyakazi, akija mtu na kamera shambani kwenu, au msanii akitaka kusimulia maisha yenu, msimkimbie na msimshangilie. Mkaribisheni, kisha kaeni naye kikao. Mwulizeni picha itaonyeshwa wapi, itauzwa kwa kiasi gani, na katika kiasi hicho lenu ni lipi. Majibu yaandikwe, na nakala moja ibaki kwenu.